Mwisho wa Ile ya Mwavuli

Kuna filamu moja ambayo nikiisikia imewashwa mahali, natoka nje. Si ya vita wala ya majini. Ni ya msichana na mvulana wanaopendana. Wenzangu wa saluni, pale Area 36 Lilongwe, wanadhani nimeokoka kupita kiasi, kwamba nimeyakataza macho yangu mambo ya dunia. Nawaacha wadhani hivyo, maana ukweli wenyewe unaniudhi zaidi.

Jina lake halisi sikuwahi kulijua. Kambini Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi, tuliiita tu ile ya mwavuli, kwa sababu binti na kijana walikutana mvua ikinyesha, chini ya mwavuli mwekundu, na kuanzia hapo mwavuli ule haukukosekana. Nyumba ya video ilikuwa ya matofali mabichi na bati, ina mabenchi ya mbao, na televisheni moja imefungiwa ndani ya sanduku la chuma kama mfungwa. Tuliingia mchana, tukishamaliza kazi za nyumbani, wakati bati limeshapata moto. Jasho lilitutoka kuanzia kisogoni hadi kiunoni na hakuna aliyeondoka.

Humo ndani tulikuwa Warundi na Wakongo wa Uvira na Fizi, na Kiingereza cha filamu hakuna aliyekijua. Ndiyo maana kulikuwa na dijei. Dijei wetu hakupiga muziki. Kazi yake ilikuwa kukaa kando ya televisheni na kipaza sauti, sauti ya filamu imepunguzwa, yeye akisema kwa Kiswahili yote yanayotoka midomoni mwa Wazungu wale. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na kidogo, alianza sekondari Uvira, Kiingereza akakiokotea Malawi. Alikuwa na sauti tatu. Moja ya mzee, iliyotoka tumboni. Moja ya mwanamke, nyembamba, iliyowafanya mama zetu wacheke hadi wajifute machozi kwa ncha ya kitenge. Ya tatu ilikuwa ya kijana mpenzi, ya chini, ya polepole, kama mtu anayekuambia siri nawe umempa mgongo. Nje ya kazi alikuwa na sauti ya nne, yake mwenyewe, yenye kukwama kidogo mwanzoni mwa maneno. Hiyo watu wachache waliijua.

Na hakutafsiri tu, alitia chumvi na pilipili. Baba wa binti, tajiri asiyemtaka kijana, alimfanya mnunuzi wa tumbaku wa Kanengo. Mji ambao treni ilikwenda akauita Mponela, ingawa tulijua Mponela haina treni. Na wale wawili walipokaribiana kubusiana, alisimama mbele ya televisheni, akalitandaza shati lake kwa mikono miwili, akasema: "Hapa banasalimiana. Mungoje, bamalize kusalimiana." Wazee wa kanisa walikuwa wametishia kupafunga mahali pale. Tulicheka kuliko ambavyo tungefurahia busu lenyewe.

Ukiniuliza tuliona nini humo, nitakuambia. Wale vijana wawili walikuwa na shida moja. Shida moja, watu wawili! Baba hamtaki mvulana kwa kuwa ni fundi baiskeli, basi, imekwisha hapo. Hakuna aliyewauliza walizaliwa kijiji gani, walivuka mpaka lini, shahidi wao nani. Waligombana kwa sababu kijana alichelewa kufika stesheni, na ugomvi huo ukajaza nusu ya filamu. Nilimwonea wivu yule binti. Si kwa uzuri wala magauni, nilimwonea wivu kwa sababu alikuwa na nafasi ya kukasirika kwa jambo dogo. Kwetu hasira zote zilikuwa zimeshachukuliwa na mambo makubwa.

Mama yangu alikuwa na meza sokoni, akiuza ndagala, wale samaki wadogo wakavu ambao Wamalawi wanawaita usipa. Mimi nilikuwa namsaidia, na mdogo wangu wa kike alikuwa anacheza chini ya meza. Siku moja dijei akaja, akainama juu ya ungo, akauliza kwa sauti ile ya tatu: "Mama, hizi ndagala zako, moyo wao uko wapi?" Mama alicheka hadi akampimia na nyongeza. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshapotea, na yeye aliona.

Basi tulipendana, kwa kujificha. Familia yake ilikuwa na dosye, faili la safari. Nani kambini asiyejua maana yake? Watu wa nyumba yake wote walikuwa wameshahojiwa, wanangoja tu kuitwa wapande ndege waende kuishi ng'ambo. Na mtoto wa kwenye dosye akioa, hesabu ya nyumba inabadilika, dosye inarudishwa mwanzo, watu wote wanangoja upya. Mama yake aliwaambia wanawake wenzake kanisani kwamba msichana atakayemshika mwanawe ameshika mkia wa ndege ya watu saba. Nilikuwa nimekaa benchi la nyuma yake, nikaitikia amina. Wazungu wa filamu walizuiwa na baba mmoja. Sisi hakuna hata aliyetuchukia, na bado haikuwezekana.

Alininunulia mwavuli Mponela. Mwekundu hakupata, akaleta mweusi, tena ubavu wake mmoja umevunjika na kufungwa kwa waya. Niliutumia kuzuia jua pale mezani. Watu waliona kivuli cha ndagala. Yeye, akiwa amesimama mlangoni mwa nyumba ya video, aliniona mimi, na hiyo ilitutosha sana.

Sasa niseme filamu ilivyokuwa inaisha, maana ndiyo iliyonila. Kijana anaondoka kwa treni kutafuta kazi mbali. Pale stesheni anamshika binti mabega, na dijei wetu anasema kwa sauti ya tatu: "Unisubirie. Hata miaka ipite, nitarudi, na mwavuli njo alama." Binti anabaki. Daktari anakuja kumposa, anamkataa. Anazidi kungoja. Halafu siku moja yuko sokoni, anamwona mtu kwa mgongo, ana mwavuli mwekundu mkononi, na hapo hapo, kila mara, picha inasimama. Diski imechubuka, alituambia dijei. Uso wa binti unabaki umeganda, mdomo wazi kidogo. Na dijei anaacha kiti, anasimama, anatumalizia kwa mdomo: mtu yule anageuka, ni yeye, amerudi. Baba tajiri anapiga magoti kuomba msamaha kwa sauti ya tumboni. Mchungaji anaitwa. Harusi inafungwa, wanakula wali na nyama ya mbuzi, na sombe pia, yaani kisamvu, ilikuwepo, kwa ajili ya wageni wa Fizi. Watu walisimama wakapiga makofi mbele ya picha isiyosogea. Niliiona mara nyingi hivyo, na kila mara nilitoka nikiwa nimeshiba.

Kisha familia ya dijei ikaitwa. Siku ya basi, asubuhi, watu walijaa, wengine wanaimba nyimbo za kanisa, wengine wanalia kwa kuachwa. Alipita sokoni kuaga meza kwa meza, mama yake nyuma yake kama askari. Alipofika kwetu, akamshika mama yangu mkono, kisha akanigeukia na kusema kwa sauti ya tatu, mbele ya watu wote: "Unisubirie. Hata miaka ipite, nitarudi, na mwavuli njo alama." Soko zima likacheka. Hata mama yake alicheka. Walidhani anatuachia kionjo cha mwisho. Mimi nilishusha mwavuli mbele ya uso ili wasione ninavyolia, nikajua kwamba kati ya watu wote wale ni mimi peke yangu niliyeambiwa neno la kweli. Sikujiuliza kwa nini hakutafuta hata kona moja ya kuniambia kwa sauti yake, ile inayokwama.

Mwanzoni alipiga simu kila Jumapili. Baadaye akawa anatuma picha: theluji, viatu vizito, gari la mtu mwingine. Nikimuuliza atakuja lini, alijibu kwamba makaratasi bado. Mkimbizi ukimwambia makaratasi bado, hakuulizi tena, maana amelelewa na neno hilo. Simu zikapungua, zikawa salamu za sikukuu, na mimi nikaendelea kukaa chini ya mwavuli wangu mbovu. Nilikuwa nasubiri, na nilikuwa najua kusubiri kunaishaje.

Kisha akaja fundi cherehani. Mtu wa Fizi, kanisa moja nasi, mkewe alikuwa amefariki kabla hawajapata mtoto. Mpole, mikono yake safi daima. Alikuja kwa utaratibu, na wazee wawili na kreti la Fanta, kama tunavyofanya. Kreti linawekwa katikati ya nyumba, maneno yanasemwa, na wenye nyumba wakifungua chupa ya kwanza, neno limepokelewa. Mama alikuwa ameshanyoosha mkono kuchukua kifungulio. Nikamwambia asifungue. Akaniita nje, nyuma ya jiko.

"Unangoja nini?" akaniuliza.

"Mama, mi niko na mutu."

"Huyu iko hapa," mama akasema, akionyesha mlango. "Ule wako iko mu simu."

Sikuwa mtoto. Nilijua kuhesabu miaka yangu. Lakini kichwani mwangu kulikuwa na yule binti aliyemkataa daktari, na jinsi alivyolipwa kwa kumkataa, na wali, na mbuzi. Mtu mzima, mwenye akili zake, nilikataa mume kwa ushauri wa diski. Wazee waliinua kreti wakaondoka, chupa zikigongana njia nzima, na mtaa mzima ukasikia kwamba nimekataa. Fundi hakunisema vibaya popote. Alioa mwaka uliofuata. Mkewe ananunua ndagala kwa mama, na mtoto wao ana masikio ya baba yake.

Mimi nikajifunza kusuka nywele. Nikapata kiti katika saluni ya mama mmoja Mmalawi, Area 36, naenda asubuhi, narudi kambini jioni. Chichewa nilikipata haraka, Kiingereza kikaingia taratibu, kutoka kwa wateja na kutoka televisheni iliyoning'inia ukutani. Jumamosi moja nilikuwa nimesuka nusu ya kichwa cha dada mmoja, mwanafunzi wa chuo, nilipouona mwavuli mwekundu. Niliujua kabla sijazijua sura.

Nilifurahi, nasema kweli. Nilipiga kelele kama mtu aliyeona ndugu. Nikawaambia wote saluni kwamba hii filamu naijua yote. Wakaniambia niwasimulie, nikawasimulia, nikisuka. Kijana alipoanza kuaga stesheni na yule dada wa kiti changu akaanza kupangusa macho, nikamwambia asilie, atarudi, mimi nimeshaona. Niliyasema hayo kwa kujivuna.

Na hapo kijana akafungua mdomo. Sauti yake haikuwa ya chini wala ya polepole, ilikuwa ya kawaida tu, nyembamba kidogo. Alimwambia binti asimsubiri. Kiingereza chepesi, cha watoto wa darasa la kwanza. Akarudia tena, asimsubiri, maisha ni yake, aendelee nayo. Binti ndiye aliyesema atasubiri. Vidole vyangu viliendelea kusuka vyenyewe. Nilijiambia kwamba nimesikia vibaya, Kiingereza changu bado kichanga. Nikangoja soko.

Soko likaja, mgongo ukaja, mwavuli ukaja. Picha haikusimama. Mtu yule akageuka, na kweli alikuwa yeye. Alikuwa na mkewe pembeni na mtoto mabegani. Alimwangalia binti vile unavyomwangalia muuzaji uliyenunua kwake zamani, ukasahau jina. Akamsalimia kwa adabu. Binti akamjibu kwa adabu. Kisha maandishi yakaanza kupanda, na mwenye saluni akachukua rimoti akabadilisha kituo.

Yule dada aligeuza kichwa, nusu kimesukwa, nusu kimesimama. "Munati abwera," akaniambia, yaani nilisema atarudi. Hakusema kwa ubaya. Nikamjibu, "Pepani," yaani anisamehe, maana nilikuwa nimeivuta nywele yake hadi ngozi imenyanyuka.

Ule mwisho wa kubuni ningeusamehe. Diski huchubuka, na mtu akiwa na watu wamekaa kwenye joto anawapa anachokipata. Lakini stesheni diski haikuchubuka. Kila wiki alimsikia kijana yule akisema usinisubiri, kila wiki akatugeukia na kusema unisubirie. Nilikuwa nimekaa benchi la mbele, namwamini kuliko mchungaji.

Nilimpigia jioni ile ile, nikiwa nimesimama nje ya saluni iliyofungwa. Kwa bahati akapokea.

"Ile ya mwavuli," nikasema. "Nimeiona leo mpaka mwisho."

Akacheka kidogo. "Eh, ile? Ingali iko?"

"Kule stesheni, kijana alisema nini?"

"Mara ya kwanza nilitafsiri vile alisema," akajibu. "Bamama balilia, patron wa nyumba ya video akanikasirikia. Akasema bantu habakuji hapa kulia, ya kulia iko kwabo. Njo nikabadilisha. Na diski nikawa naisimamisha mi mwenyewe."

"Na mimi? Siku ya basi?"

Sauti yake ya nne ikakwama, kama zamani. Nilikuwa nimeisahau, nikaikumbuka yote. "Nilizani we unajua," akasema. "Kila mutu alijua ile ilikuwa muchezo." Halafu, haraka, kama mtu anayemalizia mzigo: "Mi niko na bibi huku. Na mutoto. Nilitaka kukuambia."

"Ulitaka lini?"

"Nilitaka."

Nilikata simu. Namchukia, na sitaki mtu anifundishe kusamehe. Simchukii kwa kuoa, watu wanaoa. Namchukia kwa sababu alijua kusema usinisubiri kwa lugha mbili, na mimi hakuniambia kwa hata moja. Kisha najichukia kidogo pia, kwa kuwa nikikumbuka joto la lile bati na makofi yale, najua kwamba angetupa mwisho wa kweli, tusingerudi wiki iliyofuata. Patron alitujua vizuri.

Mwavuli mama bado anautumia. Nilitaka kuutupa, akanikatalia, akasema ndagala haziulizi mwavuli umetoka kwa nani.

Sasa mdogo wangu, yule wa chini ya meza, ni msichana mzima, wa umri niliokuwa nao mimi wakati ule. Naye ana mtu wake. Na mtu wake ana dosye, na wameitwa, basi lao ni wiki ijayo. Juzi tulikuwa nyumbani, tunachambua majani ya sombe, mama amekaa mlangoni na redio yake. Mdogo wangu akauliza bila kuinua macho, akiniita yaya, yaani dada mkubwa.

"Yaya, ule wa mwavuli alirudi, si njo?"

Nilijua anauliza nini. Nikaweka majani chini, nikamweleza. Sikumficha kitu. Nikamwambia kijana alivyosema stesheni asisubiriwe, akarudia mara mbili. Nikamwambia soko, na mke, na mtoto mabegani, na ile salamu. Nikamwambia kuhusu simu, na yule fundi na kreti lake, ambalo alilikumbuka kwa sababu alilia siku ile akitaka Fanta. Aliniacha nimalize, akinitazama vile unavyomtazama mgonjwa anayeongea na homa.

"We uliona ingine," akasema. "Mi nilikuwa mule ndani, chini, mbele kabisa. Nilisikia na masikio yangu."

"Alitudanganya."

"Hapana, yaya. Sikiliza."

Akakunja miguu, akashusha sauti, na ikamtoka kifuani ile ya tatu, ya chini, ya polepole. Treni inarudi kutoka Mponela. Kijana anashuka na mwavuli. Alikuwa nayo yote, neno kwa neno, mzee wa tumbaku na magoti yake, mchungaji, mbuzi, hata sombe ya wageni wa Fizi. Mama akapunguza redio. Ningeweza kumnyamazisha, mimi ni dada yake mkubwa, nimeona mwisho wenyewe kwa macho yangu na nimeulipia. Nilimwacha aendelee, kwa sababu na mimi nilitaka kusikia akirudi.